Kuzuru hekalu la Ayodhya kutoka Kisumu: ndani ya lango na nje yake

Vifurushi vya safari ya kwenda kwenye hekalu la Ram, mungu ambaye Wahindu wengi huamini alizaliwa hapo, mjini Ayodhya, kaskazini mwa India, vinawavutia waumini wengi wa Kihindu, na wa Kisumu na Nakuru hawajabaki nyuma. Hapa tunaipima huduma yenyewe: kufika, kupanga foleni, kulala, kununua. Tunaupima pia mji unaoitoa huduma hiyo, kwa sababu pesa za msafiri huishia mikononi mwa mtu, na huko Ayodhya ni muhimu kujua ni nani.

Kabla ya tiketi, tafuteni kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya bila kadi hiyo anaweza kuwekwa karantini India hadi siku 6, na chanjo huhesabiwa halali siku 10 baada ya kudungwa. Aliyepita miaka 60 amwone daktari kwanza, maana kwa umri huo madhara ya chanjo hii ni makubwa zaidi. Viza huombwa mtandaoni.

Ndege ya Kisumu hadi Nairobi haimalizi saa nzima, na Nairobi hadi Mumbai ni kama saa 6. Kutoka Mumbai au Delhi unaunganisha hadi uwanja wa Ayodhya, uliofunguliwa tarehe 30 Desemba 2023. Matatizo huja Desemba na Januari: ukungu wa India kaskazini huchelewesha ndege au kuzifuta kabisa, na kifurushi chenye saa mbili tu za kuunganisha huvunjika hapo. Njia mbadala ni kushuka Lucknow na kwenda kwa gari, kilomita zipatazo 135. Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na hekaluni mtu hutembea bila viatu. Msiwapeleke wazee miezi hiyo, wala siku za sikukuu za Ram Navami na Diwali, isipokuwa wako tayari kwa msongamano mkubwa.

Ndani ya lango huduma ni nzuri kweli. Kuingia ni bure. Pasi za arati, ibada ya kuzungusha taa mbele ya sanamu, hutolewa bure na wadhamini wa hekalu, Shri Ram Janmabhoomi Teerth Kshetra, kwenye tovuti yao, na jina la kwenye pasi lifanane herufi kwa herufi na la pasipoti. Wakala anayeweka bei juu ya pasi hiyo anakuuzia kitu ambacho hakiuzwi. Simu, kamera na mikoba haviingii. Kuna makabati ya bure, na kila kikundi kipange mapema mahali pa kukutana, kwa kuwa hakuna atakayepiga simu akipotea. Viti vya magurudumu vipo, viombeni kwenye kituo cha mahujaji kabla ya kuingia foleni. Ngazi za lango la mashariki ni 32. Ukitaka kupita pia Hanuman Garhi, hekalu kongwe lililo karibu, jiandae kwa ngazi 76.

Jengo lina urefu wa futi 161 kwenda juu na nguzo 392, limejengwa kwa mawe ya waridi ya Bansi Paharpur, Rajasthan, bila chuma. Sanamu ya Ram mtoto, inchi 51 za jiwe jeusi, ilichongwa na Arun Yogiraj wa Mysuru. Utaiona kwa muda mfupi tu, foleni ikisukuma. Kwa mpangilio, usafi na upole wa wahudumu, tunawapa nyota nne na nusu kati ya tano.

Nje ya lango ni habari nyingine, na vifurushi vingi havisemi lolote juu yake. Mahali lilipo hekalu sasa palisimama msikiti wa Babri tangu karne ya 16. Umati wa Wahindu uliubomoa tarehe 6 Desemba 1992, na ghasia zilizofuata zikaua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mahakama ya Juu ya India, tarehe 9 Novemba 2019, ilisema ubomoaji ule ulivunja sheria, lakini ikatoa ekari 2.77 zijengwe hekalu, na ekari 5 kwingine kwa ajili ya msikiti. Ekari hizo ziko Dhannipur, kilomita zipatazo 25 kutoka hekaluni. Hekalu lilizinduliwa tarehe 22 Januari 2024. Mwaka huo ulikwisha ujenzi wa msikiti ukiwa haujaanza.

Ili mahujaji wapite, barabara zilipanuliwa, kubwa kuliko zote ikiwa Ram Path, karibu kilomita 13. Maelfu ya maduka na nyumba yalibomolewa, mengine kabisa, mengine upande wa mbele tu, yakabaki na kina cha futi chache. Mkazi wa Kisumu anayekumbuka bomoabomoa ya Kibos ya Februari 2021 hahitaji kufafanuliwa uchungu wa jambo hilo.

Fidia ilikwama kwa sababu zinazoeleweka. Maduka mengi yalikuwa ya wapangaji wa vizazi, juu ya ardhi ya mahekalu au ya serikali, na mpangaji hulipwa kwa kuhamishwa, halipwi thamani ya ardhi. Wengi walilalamika kwamba walichopata hakitoshi kununua duka katika majengo mapya waliyoelekezwa. Wenye ardhi nao walihesabiwa kwa bei rasmi za serikali, ambazo zilikaa bila kurekebishwa tangu 2017 hadi 2025, huku bei ya sokoni ikipaa. Halafu mvua ya Juni 2024 ikaja, Ram Path ikatitia na kutoboka, na maji yakaingia majumbani. Maafisa kadhaa walisimamishwa kazi.

Wiki chache kabla ya mvua hiyo, jimbo la uchaguzi la Faizabad, ambamo Ayodhya imo, lilikuwa limepiga kura. Lallu Singh wa BJP, chama cha Waziri Mkuu Modi, alishindwa na Awadhesh Prasad wa chama cha Samajwadi, Mdalit (mtu wa tabaka lililo chini kabisa katika mfumo wa matabaka wa Kihindu) aliyesimama katika kiti kisichotengewa Wadalit, kwa kura 54,567. Katika Uttar Pradesh nzima, mkoa wa India ambamo Ayodhya imo, BJP ilishuka kutoka viti 62 hadi 33.

Wanaosema wenye maduka ndio waliomwangusha Singh wanakosea. Katika eneo la Ayodhya mjini BJP iliongoza, ingawa kwa kura chache. Ilipoteza katika maeneo mengine manne ya jimbo hilo, mengi yakiwa ya vijijini. Huko yalipimwa mambo ya ajira, ardhi, muungano wa vyama vya Samajwadi na Congress, na hofu ya Wadalit kwamba katiba inayowalinda ingebadilishwa. Bomoabomoa ilipunguza ushindi wa mjini. Vijiji ndivyo vilivyoamua. Na hasira haikudumu kwa namna moja: Februari 2025, katika uchaguzi mdogo wa Milkipur ndani ya jimbo hilohilo, BJP ilishinda kwa kura 61,710.

Kilichotuumiza zaidi ni kilichofuata matokeo ya 2024. Watu wa mbali waliwatukana wakazi wa Ayodhya mitandaoni na kutaka mahujaji wasinunue kwao. Yaani muuza maua aliyepoteza nusu ya kibanda chake aadhibiwe tena kwa sababu majirani zake walitumia haki yao ya kupiga kura. Huo ni uonevu, na msafiri kutoka Kisumu asishiriki.

Kwa jinsi mji ulivyowatendea wakazi wake tunatoa nyota mbili. Mnaponunua kifurushi, mwulizeni wakala mpate majibu kwa maandishi: tunalala kwa nani, katika hoteli kubwa mpya kando ya barabara au katika nyumba ya wageni ya mwenyeji? Je, tunaruhusiwa kununua maua na peremende za sadaka katika vibanda vya wenyeji, au basi linatushusha kwenye duka lililopangwa? Nauli za tuktuk za betri zimo ndani ya bei? Siku za vizuizi vya polisi tuktuk hizo hazifiki popote, na mtatembea: kilomita ngapi? Pia ulizeni kama mtapata nusu siku ya kuzunguka mitaa ya zamani bila mwongozaji wa kampuni. Wakala akikataa hilo la mwisho, tafuteni mwingine.