Lenzi za marehemu baba kwenye Sony a7 II: adapta mbili na fundi mmoja wa kukereza

Mimi ni mpiga picha wa pasipoti, harusi na mahafali hapa Tanga, Ngamiani. Nalitanguliza hilo ili anayesoma ajue kuwa sikusanyi vitu vya kale nivipange kabatini. Kifaa kisichonilipa nakiuza. Mwezi wa nane huu natumia lenzi mbili za zamani juu ya kamera ya Sony a7 II niliyoinunua mkononi mwa mtu, na moja kati ya hizo imenizidi umri.

Ya kwanza ni Helios 44-2, milimita 58, f/2. Ilitoka kwenye Zenit E ya marehemu baba, aliyekuwa akipigia picha za vitambulisho uani, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Ya pili ni Canon FD 50mm f/1.8, iliyokuja na kamera ya AE-1 ya ami. Zote mbili zilikaa miaka na miaka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, kila moja ndani ya ganda lake la ngozi. Hilo ganda nitalirudia, maana lina kesi ya kujibu.

Wenzangu huniuliza kwa nini sikuitumia hii FD miaka yote niliyokuwa na Canon ya DSLR, ile yenye kioo ndani. Nilijaribu, ikashindikana, na sababu ni hesabu ya darasa la pili. Kila kamera ina umbali wake kutoka mdomo wa bodi mpaka kwenye filamu au sensa. Lenzi za FD zilitengenezewa umbali wa milimita 42. Mwaka 1987 Canon wakaleta mdomo mpya, EF, na umbali ukawa 44. Ukiiweka FD kwenye bodi ya EF, hata bila adapta yoyote, tayari imesogezwa mbele milimita 2 zaidi ya inavyotaka, na lenzi iliyosogezwa mbele haioni mbali. Kamera za sasa zisizo na kioo ndani, hizi vijana wanazoziita mirolesi, zimeondoa kile kioo kilichokuwa kikipanda na kushuka kila unapobonyeza. Mdomo wake umekaribia sensa: Sony E milimita 18, Nikon Z 16, Canon RF 20. Kwa hiyo 42 toa 18 inabaki 24, na hiyo 24 ndiyo adapta yenyewe. Ni pete nene ya chuma yenye tundu katikati. Haina kioo, haina waya, haina akili.

Kwa kuwa haina akili, nilidhani zote ni sawa. Nikaagiza ya bei ya chini kabisa kwa ajili ya Helios, kupitia wakala wa mizigo wa Kariakoo, shilingi 22,000 mpaka mkononi. Jina lake silitaji, na hata ningetaka nisingeweza, maana halikuandikwa popote. Ilikuja kwenye mfuko wa nailoni kama nati za pikipiki.

Siku ya kwanza nilipiga ndani, mezani, glasi ya chai na kitasa cha mlango. Safi kabisa. Jioni nikashuka Bustani ya Jamhuri nipige bandari na Kisiwa cha Toten. Nikazungusha fokasi mpaka mwisho, pale penye alama ya mbali kabisa. Kisiwa kikabaki ukungu. Nikakuza picha kwenye skrini: meli ukungu, minazi ukungu. Mchuuzi wa kahawa aliyekuwa mbele yangu hatua kama ishirini alikuwa mkali kiasi cha kuhesabu vikombe vyake. Nikasema ni macho yangu, nikasema ni lenzi imezeeka, nikasema ni ukungu wa fangasi ndani ya kioo. Wiki nzima nilikuwa namsingizia marehemu.

Aliyenifumbua macho hajawahi kupiga picha maishani mwake. Jirani yangu hukereza vyuma, bushi na shafti za mashine za mkonge, na ana kalipa nzuri, kipimo cha unene wa chuma, anayoilinda kama pete ya ndoa. Nilimwambia adapta inatakiwa iwe milimita 27.46, kwa sababu mdomo wa Zenit, ule wa skrubu uitwao M42, umbali wake ni 45.46 na wa Sony ni 18. Akaibana, akaigeuza, akaibana tena upande wa pili.

"Kaka, hii ni ishirini na saba nukta sita. Imezidi."

"Imezidi nini hapo, fundi? Si unywele tu?"

"Kwangu mimi unywele ni shafti iliyoungua."

Na kwa lenzi ni hivyohivyo. Nilipokaa na kikokotoo nilishangaa. Kwa lenzi ya milimita 58, ziada ya milimita 0.1, yaani unene wa karatasi moja ya daftari, inatosha kuifanya iishie mita 33 hivi. Zaidi ya hapo haifiki hata uizungushe kwa koleo. Hii yangu ilizidi 0.14, kwa hiyo mwisho wake ulikuwa kama mita 24. Mchuuzi wa kahawa alikuwa ndani ya mpaka, kisiwa nje.

Fundi akaifunga kwenye mashine, akaikwangua upande unaokaa lenzi, sehemu mbili za kumi ya milimita, vumbi la aluminiamu likidondoka kama unga wa muhogo. Akanitoza 5,000. Sasa imepungua kidogo kuliko inavyotakiwa, na huko ndiko kuzuri: fokasi ya mbali inafika kabla pete haijagonga mwisho. Watengenezaji wengi huzifanya nyembamba kidogo makusudi kwa sababu hiyohiyo. Hasara yake ni kwamba namba za mita zilizochorwa kwenye lenzi hazisemi kweli tena, ila mimi nafokasi kwa macho, sisomi namba.

Kasoro ya pili ya adapta hiyo ilikuwa ndani. Tundu lake linameta. Ukipiga kuelekea dirishani, mwanga unagonga ukuta wa ndani na kurudi kwenye sensa, picha nzima inapauka kama imemwagiwa maji ya mchele. Nilipata kipande cha mahameli nyeusi kwa fundi cherehani, nikakata ukanda, nikaubandika kuzunguka ndani. Tofauti niliiona picha ya kwanza tu. Kwa jumla, adapta ya 22,000 imenigharimu 27,000, mahameli ya bure na wiki ya kujidharau.

Ya FD niliagiza nikiwa na adabu. Nilichukua ya K&F Concept, ikanifikia kwa 55,000. Inabana bila kucheza, ndani imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na kisiwa cha Toten kinaonekana mpaka mti mmojammoja. Lakini adapta za FD zina jambo lake, na lilinitia jasho. Nilifunga lenzi, nikazungusha apecha, yaani tundu la kuingizia mwanga, kutoka f/1.8 mpaka f/16, hakuna kilichobadilika. Nikachungulia kwa mbele: tundu wazi, mapanga yamelala. Nikaanza kusema apecha imekufa. Kumbe adapta yenyewe ina pete ya kuzungusha yenye sehemu mbili, kufunga na kufungua. Ndani yake kuna kijiti kinachosukuma mkono mdogo ulio nyuma ya lenzi, kazi ambayo zamani ilifanywa na kamera. Isipokuwa kwenye kufunga, lenzi inabaki wazi milele. Weka lenzi, zungusha pete ifunge, ndipo apecha inatii. Wenye Helios 44-2 hawana shida hii, kwani apecha yake huendeshwa kwa mkono moja kwa moja. Ila baadhi ya Helios za baadaye zina kipini nyuma, na hizo zinataka adapta ya M42 yenye ukingo wa kukibonyeza. Uliza kabla hujalipa.

Upande wa kamera kuna mawili tu. Ingia kwenye menyu uiruhusu ipige hata ikiona haina lenzi, maana kwake adapta hii ni hewa tupu. Usipofanya hivyo itakataa kufyatua na utadhani imeharibika. Kisha iandikie urefu wa lenzi kwa mkono, ili sensa ijue itulize mtikisiko kiasi gani. a7 II ya 2014 ina utulizaji huo ndani ya bodi, na ndiyo sababu nilichagua hii badala ya a7 ya kwanza. Lenzi ya baba, iliyotengenezwa wakati kutulia ni kazi ya pumzi yako, leo natulia nayo kwa shata ya 1/20 ya sekunde, mkono mtupu. Yeye alikuwa akiegemeza kiwiko kwenye fremu ya mlango.

Sasa picha.

Nilimkalisha shangazi, dada yake baba, kwenye kigoda chini ya mwarobaini, saa kumi jioni. Kabla sijasema lolote akakodoa.

"Hicho kijicho si cha kaka?"

"Ndicho, shangazi. Umekijuaje?"

"Nimekaa mbele yake mara ngapi! Nilikuwa nikipepesa anafoka."

Akajinyoosha. Kanga akaivuta mabegani, kidevu juu, mikono magotini, hacheki. Hakuna aliyemfundisha leo. Alikaa kama walivyokuwa wakikaa. Mimi huku nikawasha ile alama nyekundu inayochora kingo za kilicho kwenye fokasi. Nazungusha pete taratibu, wekundu unatambaa kutoka ncha ya pua, unapanda, unafika kwenye kope za jicho la kushoto. Hapo nafyatua. Kati ya picha 12, picha 10 kope zinahesabika. Huyu mama ametulia kuliko stendi yangu.

Nyuma yake ndipo Helios inapojieleza. Jua lilipenya kati ya majani ya mwarobaini na kuacha madoa ya mwanga. Katikati ya picha madoa ni duara. Kadiri yanavyokwenda pembeni yanabanwa, yanakuwa kama punje za kunde, na yote yanainama kukizunguka kichwa chake, kama ukili unapoanza kushonwa kuwa mkeka wa mviringo. Lenzi hii ilitokana na Biotar ya Zeiss, na mzunguko huo ni kasoro ya mchoro wake wa zamani, waliosomea macho ya kamera wangeuita aibu. Mteja wangu anauita "ile ya kuzungushazungusha" na analipa zaidi kwa ajili yake. Unaipata ukiwa f/2, mtu yuko mita moja na nusu au mbili, na nyuma mbali kuna majani. Ukuta mtupu haukupi kitu.

FD haina mbwembwe. Ikiwa f/1.8 ni laini kidogo na ina kama utando wa maziwa kwenye vitu vyeupe. Ikifika f/4 inakata kama wembe. Kwa picha za bidhaa, vyakula vya mgahawa, vitambaa, naitumia kuliko lenzi yangu mpya, kwa kuwa pete yake ya fokasi ni laini na inasimama pale unapoiachia. Vijana wa video nao wanaipenda Helios, kwa sababu pete yake moja ya apecha inateleza bila kugonga-gonga, hivyo mwanga unaweza kuupunguza katikati ya rekodi.

Harusini, hapana. Nilijaribu usiku mmoja, bibi harusi anaingia ukumbini, taa za MC zinacheza, watu wamesimama na simu zao. Anakuja kwangu, nami narudi kinyumenyume huku nazungusha pete. Picha 40, zilizofaa 6, na moja kati ya hizo sita ilikuwa ya mama wa kambo aliyejitokeza mbele. Nilimaliza shughuli kwa lenzi ya kawaida yenye fokasi yake. Watoto pia usijaribu, labda wamelala. Na kumbuka kamera haiandiki umetumia apecha gani. Ukitaka kujua, andika kwenye daftari kama wazee.

Narudi kwenye ganda la ngozi. Unyevu wa pwani, giza na ngozi ni karamu ya fangasi. Helios ilikuwa na nyuzi ndani ya kioo cha nyuma kama utando wa buibui, na nilimlipa fundi wa Dar 40,000 kuifungua na kuisafisha. Ilibaki alama moja ndogo ambayo kwenye picha siioni. Maganda nimeyatupa. Lenzi zinakaa kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipaketi vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Usiweke mchele. Mchele una vumbi. Ukienda kununua lenzi ya zamani, imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma kabla hujauliza bei.

Mwenye Sony, Canon au Nikon yenye sensa ndogo, piga hesabu ya mara 1.5 au 1.6: Helios itakaa kama 87 au 93, nzuri kwa uso, ila studio yenye chumba kifupi itabidi ufungue mlango usimame nje. Mimi nilishafanya hivyo kwa kamera ya rafiki, na mteja wa pasipoti akadhani ninamkimbia.

Kwenye sanduku la mama imebaki FD 135mm f/3.5. Adapta inaiingia, fokasi iko vizuri, lakini mapanga ya apecha yamelowa mafuta na yananata. Ukiizungusha mpaka f/11 yanasubiri kama watu wanaotafakari. Nimempelekea fundi wa kukereza aitazame, akaniuliza kama ina bushi.