Kabati la kona: trei ya kuzunguka au rafu za kuvuta?
Kwa bei, trei inashinda: nguzo moja katikati, fundi anaifunga upesi, na haina mengi ya kuharibika. Ila duara ndani ya mraba hujaza asilimia 79 hivi tu ya nafasi, na kifuniko kikidondokea nyuma yake, utalala sakafuni na tochi. Rafu za kuvuta huleta sufuria za ndani kabisa hadi mlangoni. Lakini reli zake zikipinda kidogo tu, mlango haufungi, na si kila fundi anaziweza. Makopo na chupa za kila siku? Trei inatosha. Mgongo unasumbua na sufuria ni nzito? Lipia reli. Kama ni vyombo vya wageni tu, mimi ningeacha rafu za kawaida.