Ubapa wa epe: nini cha kununua kwanza, nini cha kuacha

Epe, upanga wa vitara wenye waya za umeme, ikikataa kuwasha taa ya mashine inayohesabu mapigo katikati ya pambano, wachezaji wengi wa vitara hukimbilia kuagiza silaha nzima. Subiri kwanza. Ndani ya mfuo wa ubapa, yaani mfereji mwembamba kwenye chuma kirefu cha upanga, mna waya mbili zinazotoka nchani hadi kwenye soketi iliyo ndani ya kikombe kinachokinga mkono. Ncha ikibonyea, waya huungana na taa huwaka. Chukua maltimita, kifaa cha kupimia umeme. Ukibonyeza na mita isionyeshe kitu, waya imekatika au ncha imejaa uchafu. Ikionyesha umeme unapita bila kubonyeza, waya zimegusana. Waya ikigusa kikombe, mashine haihesabu pigo lako hata ukimpata mpinzani sawasawa.

Namba moja: waya za ziada

Kama ubapa haujapinda vibaya wala kuonyesha ufa, nunua waya tu, pamoja na skrubu na springi za ncha. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapa, ni vyepesi kusafirisha, na kazi yenyewe unaiweza mezani kwako. Nunua seti mbili au tatu, maana ya kwanza unaweza kuikata ukijifunza.

Ng'oa waya ya zamani, kisha lainisha gundi kwa asetoni, dirisha likiwa wazi. Kwangua mfuo hadi chuma kionekane. Gundi ya zamani ikibaki, waya mpya itakaa juu juu na itachubuliwa na ubapa wa mwenzako. Pitisha waya nchani, zivute zikaze kidogo, halafu pinda ubapa kama upinde, mfuo ukiwa upande wa nje. Hapo waya zinajilaza zenyewe chini kabisa ya mfuo. Tia supa gluu kidogo kidogo ukianzia nchani, na uache ikauke ubapa ukiwa bado umepinda. Angalia sana gundi isiingie kwenye ncha. Waya zinapopita kwenye tundu la kikombe, zivishe kibomba chembamba cha plastiki, kwa kuwa hapo ndipo huchubuka mara nyingi.

Ukimaliza, weka uzito wa gramu 750 juu ya ncha, silaha ikiwa imesimama wima. Springi lazima iunyanyue. Isipoweza, badilisha springi kabla mwamuzi hajakukagua.

Namba mbili: ubapa mtupu wa maraging

Ubapa ukishafika mwisho, hapa usibane pesa. Maraging ni chuma ambacho ufa husambaa ndani yake polepole, na mashindano ya FIE, shirikisho la kimataifa la vitara, huudai kwa epe na foili, upanga mwingine wa mchezo huu. Bei yake inauma ukilinganisha na chuma cha kawaida. Lakini mwaka 1982 mjini Roma, Vladimir Smirnov alifariki baada ya foili ya mpinzani wake kuvunjika na kupenya barakoa, na tangu hapo mchezo huu ukaanza kuangalia vifaa kwa jicho jingine. Ununue bila waya, utie mwenyewe, na akiba hiyo iingie kwenye chuma. Mtu mzima anachukua ubapa wa saizi 5, wenye urefu wa sentimita 90. Watoto huanzia saizi 0 au 2.

Namba tatu: ubapa wenye waya tayari

Unafaa ukiwa na mashindano wiki ijayo na huna muda. Upime kwa maltimita siku hiyohiyo unapokufikia, maana kazi ya kiwandani nayo huharibika njiani.

Namba nne: silaha kamili

Kwa anayeanza, sawa. Kwa klabu inayokua, kama zile za Nairobi ambako hamasa imeongezeka tangu Alexandra Ndolo, mchezaji wa epe aliyeshinda medali ya fedha ya dunia mwaka 2022 akiwa na Ujerumani, aamue kuichezea Kenya, pesa za silaha kamili hufika mbali zaidi zikinunua bapa na waya kando kando. Silaha kamili za bei nafuu mara nyingi huja na chuma cha kawaida.

Ya mwisho: ubapa uliotumika

Kabla ya kulipa, pitisha kidole na jicho urefu wote, hasa theluthi ya karibu na ncha. Ukiona mkunjo mkali au mstari mwembamba kama unywele, rudisha. Waya mbovu hubadilishwa. Chuma chenye ufa hakirekebishwi.