SquashLevels: umeshinda 3-0 na levo imeshuka? Soma hapa kwanza

Wadau wa skwoshi, hii SquashLevels, mfumo wa mtandaoni unaompa kila mchezaji wa skwoshi namba ya kiwango chake (levo) kutokana na matokeo ya mechi zake, nimeitumia muda wa kutosha na naipenda kiukweli, ila naona watu wengi wanalalamika eti wameshinda mechi halafu levo imeshuka kwa hiyo mfumo mbovu. Sio mbovu jamani. Hapo ndipo penye utamu wake wote.

Iko hivi. Mifumo mingi ya kupima wachezaji imetokana na ule wa Arpad Elo wa kwenye chesi, ambao FIDE, shirikisho la chesi duniani, walianza kuutumia 1970. Kule kinachoangaliwa ni umeshinda, umetoka sare au umefungwa, basi. Ukimzidi mwenzako pointi 200 za kiwango unategemewa uvune kama asilimia 76 ya alama za mechi zenu, kwa hiyo ukishinda unapata kidogo na ukifungwa unakatwa za kutosha. Kwa chesi sawa kabisa, chesi haina 11-9. Skwoshi inayo! Gemu inaenda hadi 11, lazima upishane kwa pointi mbili, anayewahi gemu tatu kachukua mechi, sasa mle ndani kuna habari kibao ambazo ukiandika tu 3-0 zinapotea zote.

SquashLevels inazichukua. Wote tuko kwenye ngazi moja, anayeanza kabisa yuko chini ya 50 na mapro wa juu wanapita 50,000, na namba zenyewe zinasomeka kirahisi maana mwenye 2000 anahesabika ni bora mara mbili ya mwenye 1000. Sasa chukua hao wawili, wa 2000 kashinda 11-9, 12-10, 11-9. Kwenye ubao ni 3-0 safi, lakini jumla ni pointi 34 kwa 28, na mtu aliyekuzidi mara mbili hakupitii kwa shida hivyo. Kwa hiyo mshindi anaweza kushuka na aliyefungwa akapanda, na mimi naona ni haki kabisa. Yule aliyefungwa kapigania kila mpira, kwa nini asilipwe?

Na hawajaishia kwenye hesabu kavu, wamezingatia kwamba mkubwa akikutana na mdogo huwa anapunguza gia, hachezi kama anacheza fainali. Mechi ya mashindano ina uzito kuliko ya ligi ndogo za ndani ya klabu. Halafu kuna kipimo cha uhakika, ukicheza mara kwa mara namba yako inaaminika zaidi, ukikaa bila kucheza uhakika unashuka.

Penye ugumu, na hili ni la mfumo wowote wa namna hii, ni kundi lililojifungia. Watu wanacheza wenyewe kwa wenyewe tu, wote wanafanya mazoezi, wote wanakuwa wazuri, lakini levo zinahama tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, mfumo utajuaje kama kundi zima limepanda wakati hamna wa nje wa kulinganisha naye? Mpaka mmoja wao atoke akacheze mashindano, awapige watu wenye namba kubwa, arudi na levo mpya, ndio wenzake wanaocheza naye wanaanza kuvutwa juu kidogo kidogo. Kwa hiyo kama klabu yenu mnahisi mko chini kuliko uwezo wenu, msikimbilie kulaumu mahesabu, tafuteni mechi za nje, hata watu wawili watatu wakitoka inasaidia sana.

Kinachoniuma ni wale wanaoanza kukwepa watu. Anaangalia namba ya mpinzani kwanza ndio anakubali mechi, anaogopa kucheza na aliye chini yake asije akashuka. Namba ipo ili upate mechi nzuri, ya mtu anayekutoa jasho, sasa ukiifanya ya kuringia hata kujaribu dropu mpya (ule mpira laini wa kudondoshea karibu na ukuta wa mbele) kwenye mechi utaogopa, utakuaje hivyo?

Mimi naipa nyota nne na nusu. Na nyie mnaoingiza matokeo, tafadhali wekeni pointi za kila gemu, mkiweka 3-1 peke yake mnamnyima haki aliyefungwa 12-10 kwenye ile gemu ya nne.