Cosmos ya 2014: anza na sehemu ya saba

Mfululizo wa runinga wa sayansi wa Cosmos: A Spacetime Odyssey, uliorushwa mwaka 2014 katika sehemu 13 na kusimuliwa na mwanafizikia wa nyota Neil deGrasse Tyson, umesifiwa sana na kulaumiwa si haba. Baada ya kuutazama wote mara mbili, naona kwamba wanaousifu na wanaoulaumu wote wana hoja, ila hawazungumzii sehemu zilezile.

Lawama kubwa inaangukia sehemu ya kwanza, inayosimulia kwa katuni maisha ya Giordano Bruno, mtawa wa Italia aliyechomwa moto Roma mwaka 1600. Shtaka la kutilia shaka Utatu Mtakatifu linatajwa, lakini kwa sekunde chache tu, huku uzito wote ukiwekwa kwenye imani yake kwamba kuna dunia nyingine nyingi, hivyo mtazamaji anaondoka akimwona kama shahidi wa sayansi. Tyson mwenyewe anakiri kwamba Bruno hakuwa mwanasayansi. Basi kwa nini apewe nafasi kubwa kiasi hicho?

Wapo pia wanaoikumbuka Cosmos ya mwanaastronomia Carl Sagan ya mwaka 1980 na kuona kwamba hii mpya ina haraka na mapambo mengi ya kompyuta. Siwapingi sana, ingawa kisa cha Tyson kupokewa na Sagan akiwa kijana wa miaka 17 kilinigusa kwelikweli.

Sehemu ya saba ndiyo inayonifanya niutetee mfululizo huu. Mwanajiokemia Clair Patterson alitaka kujua umri wa Dunia kwa kupima risasi, yaani ile metali (lead), iliyomo ndani ya kimondo, lakini vipimo vyake vikawa vinaharibika kila mara kwa sababu risasi ilikuwa imetapakaa kila mahali, hata kwenye vumbi la maabara yake. Alisafisha, akapima tena, akasafisha tena kwa miaka, hadi akapata jibu la miaka bilioni 4.55, kisha akafuatilia uchafu ule hadi kwenye petroli, akakabiliana na wenye viwanda waliodai kwamba hauna madhara. Hapa hatuambiwi tu kile ambacho sayansi inajua, bali tunaonyeshwa jinsi ilivyokijua na gharama iliyolipwa. Ningemshauri mtazamaji mpya aanze hapo, na sehemu ya kwanza aiache hadi baadaye.