Matembezi ya siku moja Loch Lomond na Trossachs: je, mwongozaji analipika?

Swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu hapa Glasgow ni hili: kwa nini umlipe mtu akupeleke kilimani wakati njia ziko wazi na kiingilio hakuna? Wana haki ya kuuliza. Hifadhi ya Taifa ya Loch Lomond na Trossachs, ya kwanza kuanzishwa Uskoti mwaka 2002, haina geti wala tiketi. Tena kuna sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inayomruhusu kila mtu kutembea karibu popote, hata kwenye ardhi ya mtu binafsi, ilimradi asiharibu mali wala asisumbue watu na mifugo. Kwa sisi tuliozoea kutoa hela getini kwanza ndipo tumwone twiga, hilo peke yake ni la kushukuru.

Kwa hiyo hela yote unayotoa inakwenda kwa mwongozaji na gari. Nimetembea na waongozaji wa kampuni tofauti, nimelipa kwa mfuko wangu kila mara, na jibu langu ni ndiyo, analipika, akiwa anajua kazi yake.

Kwa anayeanza, nenda Conic Hill, kilima cha mita 361 juu ya kijiji cha Balmaha, mashariki mwa ziwa la Loch Lomond. Matangazo mengi husema ni njia rahisi. Si ngumu, ila kuna ngazi nyingi kupita msituni, na aliyekaa kwenye kiti cha ofisi wiki nzima atazisikia magotini. Siku yetu tuliongozwa na mama mmoja wa makamo ambaye alimweka mbele yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, sisi wengine tukamfuata. Hakuna aliyeachwa, hakuna aliyehema kwa aibu.

Karibu na kilele alitusimamisha kwenye mwamba akatuambia tuupapase. Ndani ya jiwe lile jekundu kuna kokoto za mviringo, nyingine hazienei kiganjani, zimeshikana kama karanga kwenye kashata. Zilisuguliwa na mito ya zamani, miaka kama milioni 400 iliyopita. Halafu akatugeuza tulitazame ziwa: Inchcailloch, Torrinch, Creinch na Inchmurrin, visiwa vinne vimepanga foleni moja iliyonyooka kutoka pale tuliposimama. Foleni hiyo inafuata ufa wa ardhi unaoikata Uskoti kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, milima ikibaki kaskazini na mashamba na miji kusini.

Mimi kwetu ni Kigoma. Nimekulia juu ya Bonde la Ufa na sikuwahi kuuona ufa kwa macho namna ile, maana wa kwetu ni mkubwa mno, umejaa maji na ng'ambo yake ni Kongo. Ningepanda Conic Hill peke yangu, ningepiga picha ya visiwa nikateremka kunywa chai.

Lakini ukiniambia nichague safari moja tu, nachagua ziwa la Loch Katrine.

Asubuhi mnapanda meli ya Sir Walter Scott pale Trossachs Pier. Meli hii ilijengwa Dumbarton na kiwanda cha Denny mwaka 1899, kisha ikafunguliwa vipande, ikapandishwa Loch Lomond kwa matishari hadi Inversnaid, na kutoka hapo mikokoteni ya farasi ikavuta vipande kupita vilima hadi Stronachlachar, kando ya Loch Katrine, ambako iliungwa upya. Mwongozaji alipomaliza kusimulia, nami nikawapa ya kwetu: meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli, ikaungwa Kigoma na kuingizwa Ziwa Tanganyika. Bwana yule alitoa daftari lake akaandika kila kitu na kuniuliza tahajia ya Liemba. Nilifurahi sana siku ile. Mwongozaji anayesikiliza ni wa kushikwa.

Mnashuka Stronachlachar na kushika njia ya kuelekea Glengyle, kichwani mwa ziwa. Njia ni ya lami karibu yote, mwinuko mdogo, hata mzee mwenye afya anaimudu. Hapa ndipo nilipoelewa maji ninayokinga bombani kila siku yanatoka wapi. Glasgow ya karne ya 19 ilikuwa ikizika maelfu kwa kipindupindu. Mlipuko wa 1832, kisha wa mwishoni mwa miaka ya 1840, kisha mwingine tena mwanzoni mwa miaka ya 1850. Mhandisi John Frederick Bateman akachimba mahandaki na mifereji kupitia milima, na Oktoba 1859 Malkia Victoria akaja kufungua maji. Hakuna pampu. Maji yanateremka yenyewe hadi mabwawa ya Milngavie, kando ya jiji, kwa mteremko mdogo usioweza kuuona kwa jicho. Ili kazi ifanyike, ziwa lilipandishwa kimo, na ardhi ya kandokando ikazama. Mwongozaji hakuificha sehemu hiyo ya pili, na nilimheshimu kwa hilo, maana wengi huishia kwenye sifa za Malkia.

Glengyle ndiko alikozaliwa Rob Roy MacGregor mwaka 1671. Wengi wanamjua kama mwizi wa ng'ombe shujaa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba jina lenyewe la ukoo lilipigwa marufuku mwaka 1603, na mtu aliweza kuuawa kwa kujiita MacGregor. Marufuku ilikuja kuondolewa moja kwa moja mwaka 1774. Rob Roy mwenyewe alilazimika kutumia jina la ukoo wa mama yake, Campbell. Fikiria watu wa kijiji kizima wakiambiwa jina la babu yao ni kosa la jinai.

Baadaye bwana yule alituingiza kidogo nje ya njia, penye magugu yaliyofika kiunoni. Akayatenganisha kwa fimbo. Chini kulikuwa na mstari wa mawe yenye kuvu ya kijani, kisha pengo: mlango. Akatuonyesha pa moto, akatuonyesha zizi. Familia ziliishi pale, zikalima shayiri, zikapeleka ng'ombe malishoni juu milimani wakati wa kiangazi, kisha wenye ardhi wakaona kondoo wana faida kuliko wapangaji. Postikadi za Uskoti zinauza upweke, milima mitupu na ziwa tulivu. Utupu huo una historia, na bila mtu wa kukuonyesha mlango chini ya magugu utadhani Mungu aliumba pale pakiwa hivyo hivyo. Hiki ndicho ninacholipia.

Kijiji cha Aberfoyle nitakisema kwa ufupi. Kwenye magofu ya kanisa la zamani kuna vifuniko viwili vizito vya chuma vilivyowekwa juu ya majeneza mapya ili wezi wasifukue maiti na kuziuza kwa vyuo vya udaktari. Juu kidogo ni Doon Hill, ambapo inasemekana mchungaji Robert Kirk, aliyefasiri Zaburi kwa Kigaeli, alichukuliwa na viumbe wa kilimani mwaka 1692. Watu bado wanafunga vitambaa kwenye miti yake. Watoto waliipenda kuliko safari zote.

Sasa mambo ya mfukoni na mwilini. Bei za makundi nilizokutana nazo zinacheza karibu na pauni 60 kwa mtu, usafiri kutoka Glasgow ukiwemo. Chakula ni chako. Uliza kundi lina watu wangapi. Niliwahi kwenda na kampuni moja, sitaitaja, iliyotuchukua zaidi ya 15. Kiongozi akawa anazungumza na wawili wa mbele na sisi wa nyuma tukaona mgongo wake tu kutwa nzima. Nane ni kiasi kizuri. Uliza pia kama mwongozaji ana cheti cha Mountain Leader, yaani cha kuongoza watu milimani, kwa sababu ukungu wa huku hushuka ghafla na alama za njia zikapotea.

Usivae jinzi, ikilowa haikauki. Buti za kweli, koti la mvua hata kama jua linawaka, soksi za akiba. Kwenye magugu kuna kupe, kagua miguu ya watoto jioni, maana wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Na visubi! Kuanzia katikati ya Juni hadi Agosti, jioni isiyo na upepo, watakula uso wako ukisimama. Nunua kofia yenye wavu.

Kwa Waislamu wenzangu, nilimwandikia mwongozaji mapema kuhusu Adhuhuri, akapanga mapumziko ya chakula saa saba na nusu mahali pakavu penye maji. Hakuna aliyenishangaa.

Wakati mzuri ni Mei. Visubi bado hawajachachamaa, maua ya buluu yamejaa chini ya mialoni ya Inchcailloch, na jua linazama baada ya saa tatu usiku. Omba siku ya katikati ya wiki ukiweza kupata ruhusa kazini, maana Jumamosi maegesho ya Balmaha hujaa mapema na kilele cha Conic Hill kinakuwa foleni ya watu wanaopiga selfi.