Mpira wa silikoni wa kulishia mtoto: miezi mitatu nyumbani, Busia

Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Ana mtindio wa ubongo, na kila alipomeza maziwa alipaliwa, hata akalazwa mara mbili kwa nimonia. Tangu hapo analishwa kwa mpira unaopita puani hadi tumboni. Nilipokuwa nautafuta huu wa silikoni sikupata mama hata mmoja wa kuniambia ukoje, ndiyo maana naandika.

Tulianza na ule wa plastiki. Ukikaa siku chache kwenye asidi ya tumbo hukakamaa. Kila wiki tulipanda takisi hadi Tororo kubadilishiwa, na kila wiki watu wawili walimshika mwanangu huku analia hadi sauti inakauka. Pua ikachubuka ndani. Nilianza kuiogopa Jumatatu kuliko yeye.

Wa silikoni ni laini kama tambi iliyoiva. Nesi alituagizia kutoka Kampala, namba 8 (ndicho kipimo cha unene wake wa nje), akatupangia kubadilisha kila wiki nne. Bei yake ilizidi mipira sita ya plastiki, na mume wangu ni mbeba mizigo hapa mpakani, kwa hiyo tulijikamua kweli. Lakini nauli za Tororo zimepungua, pua imepona, na usiku wa kwanza mtoto alilala hadi adhana ya alfajiri. Mimi sikulala, nilikaa namtazama.

Sasa taabu zake. Ulaini huohuo ndio unaonisumbua. Kabla ya kila mlo navuta majimaji kidogo ya tumboni na kuyagusisha karatasi ya pH, ile ya kupimia asidi; ikisoma 5.5 au chini ya hapo, najua mpira uko tumboni. Huu wa silikoni ukivutwa kwa nguvu kuta zake hunywea, haitoki hata tone. Nimejifunza kutumia bomba kubwa la sindano na kuvuta taratibu sana. Ikigoma, namlaza ubavu wa kushoto, nasubiri robo saa, najaribu tena. Ikigoma kabisa simlishi, namkimbiza hospitali. Mwanzoni nilifundishwa kusukuma hewa na kusikiliza tumbo kwa stetoskopu. Mama mwenzangu, kama bado unafanya hivyo, acha: mlio ule waweza kusikika hata mpira ukiwa umeingia mapafuni.

Jingine ni tundu. Kuta za silikoni ni nene, kwa hiyo namba 8 yake ni nyembamba ndani kuliko namba 8 ya plastiki. Mlo uliokuwa ukiisha kwa dakika kumi na tano sasa unakaribia nusu saa, nami nimeshika bomba juu, mtoto ameegemea kifuani pangu. Wiki ya pili nyanya yake alimpondea kitobero, chakula cha watoto cha mchanganyiko, akakichuja mara mbili kwa mapenzi yake yote, tukakipitisha. Ukaziba. Maji ya uvuguvugu hayakusaidia, tukapoteza mpira mzima. Siku hizi kitobero anakula kaka yake, na mpirani hupita tu maziwa aliyopangiwa kliniki, kisha mililita 5 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Hayo maji siyaachi hata siku moja, hata usiku umeme ukiwa umekatika.

Plasta nayo haishiki vizuri kwenye silikoni. Kwa hiyo nimeweka alama ya kalamu pale mpira unapoingia puani, ili ukiteleza nione mara moja, na mkono wake wa kushoto, ule anaoweza kuuinua, nauvisha soksi.

Nitaendelea nao. Ila nanunua miwili kwa pamoja, kwa sababu ukichomoka Jumapili hapa Busia huupati dukani, na mtoto hawezi kungoja Jumatatu ndipo ale.